Kondoo Walionyonya Ziwa Moja

Tangu lini kondoo akafa kwa njaa huku tumbo lake limejaa majani? Nijibuni hilo kwanza, ndipo mumseme Maman Rosalie kwamba ana hasira za bure.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, asubuhi, baridi ya Likasi ile inayopasua midomo. Kondoo mkubwa wa Rosalie, jike la miaka minne, alikuwa amelala ubavu katikati ya uwanja wake huko Kikula, amekufa tangu alfajiri. Shirika lilikuwa limetuma watu wawili kuja kuona. Wa kwanza ni Papa Damas, prezidenti, karani mstaafu anayevaa tai hata akienda kununua makala ya jikoni. Wa pili ni Maman Delphine, mkaguzi wa mifugo, ambaye uwanja wake na wa Rosalie unatenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Delphine aliinama, akapitisha vidole juu ya uti wa mgongo wa yule mnyama, pingili moja baada ya nyingine, kama mtu anayesali rozari. Kisha akasimama, akapangusa mkono kwenye kitenge chake, akatoa hukumu: kondoo amekufa na njaa.

Rosalie alidhani hakusikia vizuri. Akaomba arudie, naye Delphine akarudia, tena kwa sauti ya kufika barabarani.

Lazima mlijue shirika lenyewe. Linaitwa Tusaidiane, ni la akina mama wa parokia, na halina benki wala ofisi, lina kondoo. Ukiingia unapewa jike moja. Akizaa jike, yule mtoto si wako: akishaachishwa ziwa anakwenda kwa mama anayefuata kwenye orodha, siku ya Jumapili baada ya misa, watu wakipiga vigelegele. Wanaozaliwa baada ya huyo ndio wako. Hivyo kwa miaka sita kondoo watatu walikuwa wameleta wengine wengi, na sasa walio hai walihesabiwa ishirini na watatu katika nyua kumi na moja. Sheria ngumu ilikuwa moja tu: mama atakayeua kondoo wa shirika kwa njaa anafutwa jina mbele ya wote, na wale aliobaki nao wanachukuliwa. Sheria hiyo ilikuwa haijawahi kumpata mtu. Siku hiyo ilimpata Rosalie, na kwake walikuwa wamebaki wawili.

Sasa sikilizeni kwa nini neno lile lilimchoma. Rosalie alifiwa na mume mapema, fundi wa kiwandani, akaachiwa watoto saba katika miaka ile ambayo mshahara ulikuwa hadithi ya kusimuliana. Aliuza mboga za lengalenga sokoni, akaponda mawe kwenye machimbo ya Kakontwe, akala yeye usiku mmoja na kuruka wa pili ili sufuria ya watoto isikose bukari, ugali wetu. Wote saba walikua, na hakuna aliyelala na tumbo tupu. Hakuwa na kitu kingine cha kujisifia duniani: shule hakwenda, mali hana, sura Mungu alimpa ya kawaida tu. Lakini kulisha, alilisha. Na leo mwanamke aliyezoea kumwomba chumvi juu ya ukuta anasimama uwanjani mwake na kumwambia kwamba amenyima kiumbe majani.

Na kondoo yule alikula, jamani. Hapo ndipo palipouma. Tangu mwezi wa kwanza Rosalie alikuwa akienda mwenyewe kwenye njia ya Kambove kukata majani, anarudi na mzigo kichwani hadi shingo inaingia mabegani, na kondoo anakula mpaka anapasafisha chini, halafu anazidi kukonda. Akawa anabaki nyuma ya wenzake. Akitembea hatua ishirini anasimama, pua zimepanuka, ubavu unapanda na kushuka, na kikohozi kikavu kisicho na kamasi hata tone. Rosalie akasema labda ni vumbi la malori. Akampa dawa ya minyoo, akampa chumvi, akamfunika gunia wakati wa baridi. Kondoo akakonda tu.

Yote hayo aliyaeleza. Papa Damas akatikisa kichwa kwa huruma ya makarani, ile huruma isiyobadilisha hata herufi moja kwenye karatasi. Basi Rosalie akaingia ndani akatoka na kisu. Damas alirudi nyuma hatua mbili, maana hasira ya mwanamke huyo ilijulikana mpaka avenyu ya tatu, lakini kisu hakikuwa kwa ajili yake. Rosalie alipiga magoti, akampasua kondoo tumbo mbele yao, na majani yakamwagika chini, mengi, ya jana jioni.

"Angalieni njala yenyewe," akasema. "Minye sijamunyima mutu chakula, ikuwe mutoto ao munyama. Angalieni muzuri."

Delphine aliangalia. Akajibu kwamba kumlisha mnyama siku moja kabla hajafa si kumlisha, na kwamba mifupa haidanganyi. Damas akaandika. Alasiri ileile walikuja kuwachukua wale kondoo wawili, na majirani walisimama mlangoni kutazama kama watu wanaotazama msiba wa mtu wasiyempenda.

Walipokwisha kuondoka asubuhi ile, kabla ya kumzika yule aliyekufa, Rosalie alikuwa ameendelea kupasua. Hakuwa na sababu yoyote ila hasira. Mkono ulitaka kufanya kazi. Akafungua kifua, na hapo kisu kikasimama. Mtu aliyepika maisha yake yote analijua pafu la kondoo. Ni jepesi, ni la waridi, ukilibonyeza linanywea. Haya yalijaza kifua chote, yalikuwa ya kijivu, na alipoyatoa yalikuwa mazito mikononi kama udongo wa kufyatulia matofali. Akayatia kwenye beseni, akayafunika kitambaa, akajitwisha, akaenda nayo kwa miguu hadi machinjio.

Huko alikuwapo Docteur Godefroid, daktari wa mifugo anayekagua nyama, kijana wa miwani, mpole, mwenye uchovu wa mtu anayefanya kazi ya watu watano. Aliyaweka mapafu kwenye mizani, akaona yamepita kilo moja na nusu. Akasema ya kondoo mzima hayafiki hata nusu ya hayo. Akayakata vipande, akaangalia ndani, akauliza mnyama alikohoa muda gani, alikula vipi, ana umri gani. Kisha akanyoosha mgongo.

"Maman," akasema, "huyu hakukufa na njala."

Rosalie aliketi palepale juu ya ukingo wa saruji, katikati ya harufu ya damu, akalia. Msidhani ni huzuni. Kuna kilio cha mtu aliyeonewa halafu akapata shahidi, na kilio hicho kina meno. Alitaka karatasi, alitaka leo, alitaka yenye mhuri, aende nayo kumbandika Delphine usoni. Docteur akamwambia karatasi haiwezi kuandikwa kwa kutazama tu, kwa sababu yapo maradhi zaidi ya moja yanayoharibu pafu namna hiyo. Ilibidi damu ichukuliwe kwa kondoo walio hai, wote wa shirika, ipelekwe mbali, ingojewe.

Basi ikaanza kazi ya kuomba damu. Kwa siku nne Rosalie aligonga milango kumi, Docteur nyuma yake na kisanduku chake. Wengine walikubali kwa sababu kondoo wao nao walikuwa wameanza kukohoa na hawakuthubutu kusema, wasije wakaitwa wanyimaji. Wengine walimkubali Docteur na kumwacha yeye nje ya ua. Wa mwisho alikuwa Papa Damas, na kwake ndiko alikokaa Noëlla.

Noëlla ni mmoja wa wale kondoo watatu wa kwanza. Jina alipewa kwa sababu alifika siku ya Noeli, zawadi ya mfugaji mmoja aliyekuwa akihama, na hakuwa wa mama yeyote, alikuwa wa shirika zima. Miaka saba au minane, mgongo mpana, manyoya safi, kiwele kilichojaa kisichomkataa mtoto wa mtu. Damas alimpenda kuliko tai zake. Rosalie alitegemea atakataa, lakini majivuno yalimsaidia pale ambapo ombi lisingefaa. Damas alimshika Noëlla kichwa mwenyewe, akamwambia Docteur achukue tu damu, awaonyeshe watu kondoo anayelishwa anakuwa wa namna gani. Alisema hivyo akimtazama Rosalie.

Wiki saba majibu yalikawia. Wiki saba, na sokoni jina lake likawa Maman Njala. Kwanza walimwita wakiwa nyuma yake, baadaye mbele yake, wakicheka. Mteja wake wa miaka kumi alipita na kikapu, akaenda kununua lengalenga kwa mwingine. Mama mmoja alimwambia, kwa utani eti, kwamba sasa wanajua kwa nini watoto wake wote ni wembamba. Kwa hilo Rosalie alinyanyuka, akamwaga maji ya kunyunyizia mboga miguuni mwa yule mama, na ilibidi watu wawatenganishe. Usiku alikuwa akiyapanga maneno atakayosema siku ya karatasi. Aliyapanga mpaka yakawa kama sala, na katika sala hiyo Delphine alipiga magoti kila mara.

Siku ikafika. Docteur Godefroid alimwita, akamketisha, akamsomea. Katika kondoo ishirini na watatu, kumi na saba walikuwa na ugonjwa mmoja. Ni kirusi kinachokaa katika damu ya kondoo pole pole, miaka miwili, mitatu, mitano, bila kuonyesha kitu, huku mnyama anakula na kuzaa na kupendeza. Kisha kinaanza kulijaza pafu, na anakonda akiwa anakula, na pumzi inakuwa fupi, na siku moja anaanguka. Dawa hakuna. Chanjo hakuna. Nyama yake haimdhuru mtu, lakini kondoo mwenyewe hana wa kumponya.

Rosalie alisikia neno moja tu, kwamba si njaa. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Akamshukuru Docteur mpaka Docteur akaona haya. Ndipo yule kijana akamuuliza swali, bila nia mbaya, kalamu mkononi. Alisema kinachomshangaza ni wingi wao. Wangeugua watatu wanne asingeshangaa, lakini kumi na saba, katika nyua zilizo mbalimbali, ni namna gani? Akauliza wanakondoo wanakunywa maziwa ya nani.

Na Rosalie akamweleza, tena kwa furaha, kwa kuwa wiki saba zilipita hakuna aliyemuuliza juu ya jambo jema alilolifanya. Akasema mwaka wa pili wa shirika akina mama waligombana. Huyu anasema mwanakondoo wangu ni wa damu nzuri, wako ni dhaifu, sitaki kumtoa wangu. Ilifika watu hawasalimiani kanisani. Siku moja Rosalie alisimama katikati yao, akasema hivi: kila mwanakondoo akizaliwa, katika wiki yake ya kwanza, apelekwe kwa Noëlla, alale siku tatu katika kibanda chake, anyonye kwake, kisha ndipo arudi kwa mama yake. Hapo wote watakuwa wamenyonya ziwa moja, na walionyonya ziwa moja hawashitakiani. Akina mama walipiga makofi, baadhi wakalia. Tangu hapo hakuna mwanakondoo aliyerukwa. Hata wakati Noëlla alipokuwa hana mtoto mdogo, mke wa Damas alimkamua kidogo kidogo maziwa yasikauke. Yeye Rosalie mwenyewe aliwabeba wanakondoo wengi kwapani kuwapeleka, wa kwake na wa wenzake, na wengine hawakutaka kwenda wakalia njia nzima.

Docteur alikuwa amevua miwani. Alimweleza kwa sauti ya chini, tena kwa maneno ya kawaida, na yeye aliyaelewa yote, ole wake. Kirusi kile kinapita kwenye maziwa. Kinapita kwenye pumzi pia, wanyama wakifungiwa kibanda kimoja. Noëlla, mmoja wa wale kumi na saba, alikuja nacho kutoka alikotoka. Yeye ni mmoja wa wale wenye bahati ambao hawajaangushwa. Angeachwa na watoto wake, wangeugua wale wake, na hao wengine wangebaki. Lakini kila mwanakondoo wa Tusaidiane alipelekwa kwake, akanyonya, akalala karibu na pua yake siku tatu, na waliookoka ni wale sita tu ambao kwa bahati hakikuwashika.

Hapo Rosalie alimkasirikia Docteur. Alimuuliza alikuwa wapi na miwani yake miaka minne iliyopita. Alimuuliza kama vitabu vyake vilikuwa vimefungwa wakati wao wakihangaika na minyoo na chumvi. Swali lilikuwa la haki, na yule kijana alilijibu kwa haki: hakuna aliyemwita, na hakujua. Kisha akampa karatasi mbili zenye mhuri. Ya kwanza ilisema kondoo wa Maman Rosalie alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, si njaa. Ya pili ilisema ugonjwa unavyoenea, ni kondoo gani sita walio wazima, na jinsi ya kuwaokoa: watengwe na wenye ugonjwa, na mwanakondoo yeyote asipelekwe kunyonya kwa mwingine, hata siku moja. Alimsomea zote mbili, mara mbili, kwa kuwa hakujua kusoma, naye alizishika kichwani neno kwa neno.

Papa Damas alikuwa amepata nakala yake. Jioni ya Jumamosi alifika kwa Rosalie, akavua kofia mlangoni, akakubali kiti, akaomba na maji ya kunywa, mambo ambayo wiki saba hakuyafanya. Alisema kesho baada ya misa kuna mkutano. Atasimama yeye prezidenti asome karatasi ya kwanza mbele ya wote. Delphine ataomba msamaha, ameshakubali. Kondoo wawili watarudi, jina litarudi. Akanywa maji. Ile karatasi ya pili, alisema, ingefaa kuiacha kwanza. Ugonjwa ni ugonjwa, Mungu anajua ulikotoka. Ukiwaambia bamama kwamba ni Noëlla, shirika linakufa kesho hiyohiyo, na kila mtu atatafuta wa kumlaumu.

Rosalie akasema Noëlla alikaa kwake Damas, si kwake yeye.

"Ni kweli," Damas akajibu, polepole kabisa. "Lakini weye unakumbuka ni nani alileta ile neno ya ziwa moja. Na bamama watakumbuka."

Rosalie alimtoa. Hakumpiga, lakini alimtoa, na kofia ilimfuata nje kwa njia ya hewa. Kisha aliketi mezani na zile karatasi mbili, akiwa amejaa hasira mpaka masikio yanavuma, na hasira haikupata pa kwenda. Alimkasirikia Damas kwa sababu alisema kweli. Alimkasirikia yule mfugaji aliyehama, ambaye hata uso wake alikuwa ameusahau. Alijikumbuka amesimama katikati ya akina mama siku ile, wakimpigia makofi, na mwili wake wote ukawaka. Lakini msimfanye malaika. Kabla hajazima taa alikuwa ameshaamua: ataipeleka ya kwanza, na ya pili itabaki chini ya godoro. Wiki saba za Maman Njala zinatosha. Ya maziwa atayasema baadaye, mmoja mmoja, pole pole, watu wakishatulia. Alijiambia hivyo. Asubuhi, hata hivyo, alizikunja zote mbili akazitia kifuani, na hakujiuliza kwa nini.

Jumapili ukumbi wa parokia ulijaa. Damas alisoma karatasi ya kwanza kwa sauti ya kusomea tangazo la serikali, neno kwa neno mpaka mhuri. Kisha Delphine akasimama, akatoka kwenye benchi lake, akaja mbele. Alisema alikosa. Alisema aliona mifupa, akasahau kwamba aliishi ukuta mmoja na mwanamke huyu miaka ishirini na hakuona mtoto wake hata mmoja akilia chakula. Akapiga magoti, kweli, kama ilivyokuwa katika ile sala ya usiku, na machozi yalikuwa ya kweli pia. Rosalie akamwinua. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele, watu wakimshika mikono, wakimwita Maman Rosalie, Maman Rosalie, jina lake lote. Na ilikuwa tamu, nawaambia, ilikuwa tamu kuliko kitu chochote alichowahi kula.

Damas aliomba sala ya kufunga. Watu walikuwa wakianza kuinuka ndipo Jenny, mwanachama mdogo kuliko wote, aliyepewa kondoo mwaka jana tu, akainua mkono. Alikuwa amefunga kitenge kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na ndani yake alichungulia mwanakondoo wa siku nne, jike, mweupe, anatafuta kitu cha kunyonya kwenye ukingo wa nguo. Jenny alimuuliza Papa Damas kama wangeweza kuongozana sasa hivi. Alisema wiki ya kwanza inakwenda hajamleta kwa Noëlla, na hataki kuwa wa kwanza kuvunja desturi.

Rosalie alijua kondoo wa Jenny yuko wapi kwenye karatasi ya pili. Alikuwa mmoja wa wale sita. Alimtazama Damas. Damas alitazama viatu vyake, akajifuta paji la uso, na akasema haya, mwanangu, twende.

Hasira iliyompanda Rosalie hapo haikuwa na adabu. Ilimpanda juu ya Damas na viatu vyake, juu ya yule mwanakondoo aliyechagua wiki hii kuzaliwa, juu ya vigelegele vilivyokuwa bado masikioni mwake. Angenyamaza dakika moja tu zaidi, angeondoka pale akiwa na jina lake. Alilijua hilo vizuri kabisa, na kwa kulijua akazidi kukasirika.

"Jenny, usimupeleke," akasema.

Watu wakageuka. Akaitoa karatasi ya pili kifuani, akaishika mbele yake kama msomaji, ingawa hakuwa akisoma, na akaisema yote, tangu kirusi mpaka kibanda, tangu maziwa mpaka pumzi, kumi na saba kwa hesabu, na jina la Noëlla katikati. Sauti yake ilikuwa kali, ya kugomba, kama vile wao ndio waliokosa. Damas alijaribu kumkatiza, akanyamazishwa kwa mkono. Na alipofika mwisho hakuketi.

"Minye njo nilileta ile neno ya ziwa moja," akasema. "Haikukuwa Papa Damas, haikukuwa padri. Minye, Rosalie. Na wengi nilibabeba minye mwenyewe."

Akina mama walianza kuhesabu, ungeweza kuwaona midomo ikitembea: huyu nilimpeleka, na yule, na yule wa Pasaka. Mmoja alikumbuka kwamba wa kwake hakutaka kunyonya, Rosalie akamfungua mdomo kwa kidole. Delphine, ambaye machozi yake ya msamaha yalikuwa hayajakauka, ndiye aliyesema. Hakusema kwa ukali. Alisema afadhali basi Rosalie angewanyima majani. Wangekufa wa kwake tu. Kisha alichukua mkoba wake akatoka, na wengine wakatoka nyuma yake, wakimpita Rosalie pande zote mbili bila kumgusa.

Akabaki Jenny, amesimama katikati ya mabenchi na mwanakondoo wake anayelia njaa. Aliuliza hewani, bila kumlenga mtu, sasa afanye nini naye. Rosalie akamsogelea, akanyoosha mkono kumfunua yule mnyama amwangalie. Jenny akajigeuza upande, akamfunika kwa viganja vyake viwili.

Rosalie akaushusha mkono. Akasimama pale alipokuwa, hatua tatu mbali, akamwambia: amrudishe kwa mama yake mwenyewe, leo hii, anyonye huko na si kwingine, mama yake ni mzima. Asimchanganye na wa jirani, wala kwenye maji, wala kibandani. Maziwa yakimpungukia, anunue ya unga, ayakoroge na maji yaliyochemka, ayapoze, ampe kwa chupa. Na akija mtu yeyote kumwomba mwanakondoo huyo alale kwake, hata kama ni mtu anayemheshimu, akatae. Akayasema mara ya pili. Akamwambia arudie.

Rosalie hakutoka mlangoni mpaka msichana yule alipoyarudia yote, moja baada ya lingine, bila kumtazama usoni.